Njia za Ndani za Kakamega, Kwenye Dhahabu ya Idakho

Wengi wanaopita Kakamega wanaijua kwa msitu wake, kwa kuku, na kwa barabara kuu inayotoka Kisumu kwenda Webuye. Mimi naipendea njia zake za ndani. Ukishikilia lami utapita kando ya historia kubwa ya dhahabu ya Kenya bila kuiona, maana iko kule chini mitoni na ndani ya mashamba ya watu wa Isukha na Idakho, jamii mbili za Waluhya.

Nilishuka matatu pale Ilesi ili nilione lile Jiwe Linalolia: mwamba uliosimama kama nguzo, juu yake jiwe jingine kubwa, na maji yakichirizika ubavuni. Nikapata boda. Nikamwambia kijana sina haraka, anipeleke njia za vumbi. Tukapita Khayega hadi Sigalagala, tukakata kulia, na baada ya muda mfupi tukaiacha lami. Kuanzia hapo ni udongo mwekundu, migomba, mikaratusi na mawe makubwa yaliyotapakaa katikati ya mahindi. Njia inapanda kilima, inateremka hadi kwenye kijito chenye daraja la mbao, kisha inapanda tena. Sijui sehemu nyingine Magharibi inayopendeza hivi baada ya mvua.

Dhahabu yenyewe ilianza kuvuma mwaka 1931, pale L. A. Johnson, Mmarekani aliyekuwa mkulima upande wa Uasin Gishu, alipoipata maeneo haya. Wakati huo bei za mahindi na kahawa zilikuwa zimeanguka duniani kote, nzige nao walikuwa wameharibu mashamba. Mamia ya walowezi wakaacha majembe, wakaja na mahema na karai kupekua mchanga wa mito.

Ila ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Sheria ya mwaka 1930 ilikuwa imewaahidi Waafrika kwamba hifadhi zao, yaani ardhi waliyotengewa na wakoloni, ni zao milele. Serikali ikichukua kipande, sharti itoe kipande kingine cha ukubwa na thamani ile ile, na baraza la wenyeji lishauriwe kwanza. Desemba 1932, chini ya Gavana Joseph Byrne, sheria hiyo ikarekebishwa haraka haraka: pesa zikatosha kuwa fidia, na baraza halikuwa tena na lazima ya kushauriwa. Miaka miwili tu! Kila nikisoma habari hiyo hasira hunipanda, na nilipokuwa nikipita katikati ya yale mashamba ilinipanda zaidi. Boma, kaburi la babu, migomba, kisha boma la jirani. Hapa mtu akiambiwa achukue pesa ahame, ahamie wapi?

Karibu na Mto Yala tulikuta akina mama wakiponda mawe chini ya turubai. Nikasalimia, "Mulembe, mama." Mmoja akanijibu, "Mulembe muno, mwanangu, keti." Alikuwa amekalia kigoda, jiwe moja pana mbele yake, nyundo mkononi. Alikuwa amefunga kipande cha mpira wa baiskeli kama pete, anakibana juu ya kokoto ili zisiruke anapogonga. Vipande vikishakuwa vidogo hupelekwa mashineni kusagwa, unga huoshwa kwenye ubao wa mteremko uliotandikwa gunia, na kile kinachobaki hutiwa zebaki kwenye karai. Zebaki hunasa dhahabu, hukamuliwa kwa kitambaa, kisha tonge lile huchomwa kwa makaa hadi zebaki iondoke kwa moshi. Moshi huo ni sumu, na kwingine huchomewa jikoni, watoto wakiwa humo humo. Hilo linaniuma kuliko mashimo yenyewe. Alinionyesha punje yake ya siku ile, ndogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, ameikunja ndani ya karatasi ya daftari.

Jioni tulirudi mjini kupitia Rosterman. Huu ndio uliokuwa mgodi mkubwa kuliko yote ya hapa, ulifungwa mwaka 1952, na leo jina limebaki kwa mtaa wa watu. Kuna nyumba za kupanga, maduka, na bado kuna wanaochimba kwa mikono. Sikuona kibao hata kimoja kinachoeleza kilichotokea. Ningeomba kaunti iweke, na kiandikwe ahadi ya 1930 na mabadiliko ya 1932, siyo jina la mvumbuzi peke yake. Watafiti wa madini wamerudi Isulu na Bushiangala miaka ya karibuni, na mazungumzo ya kuhamisha familia yamerudi pamoja nao. Wenyeji wanaijua historia hii vizuri. Wanaokuja kuzungumza nao wanafaa kuijua pia.

Ukitaka kwenda, anza asubuhi, maana mvua ya huku hupenda kuja alasiri na udongo huo ukilowa boda haisimami. Omba ruhusa kabla ya kutoa simu kupiga picha. Usikaribie ukingo wa shimo usilolijua, hasa yale ya zamani yaliyofunikwa na majani. Na ukikuta mama anauza ndizi mbivu kando ya njia, nunua, kwa sababu kutoka pale hadi Sigalagala hutapata hoteli.