Kiti cha Shangazi

Mjomba alikuwa kanoga na hadithi zake alipozama. Kikalio kilichosukwa kwa nyuzi za henzirani kilichanika, akabaki amenasa kwenye duara la mbao, miguu juu. Tulipomchomoa alitoa hukumu hapohapo: kipigiliwe kipande cha plaiwudi, yaishe.

Shangazi alikataa katakata. Kiti kilikuwa chake, alikirithi kwa mama mkwe wake, na kwa kuwa wakati huo nilikuwa najifunza kazi kwa fundi mmoja mzee, nikatumwa nikipeleke.

Fundi hata hakukiangalia kile kikalio. Alikipindua kiti, akapapasa upande wa ndani wa fremu mpaka akaikuta chapa: THONET. "Shikamoo mzee," akakiambia kiti, kisha akanigeukia. Alinieleza habari za Michael Thonet, seremala mzaliwa wa Boppard, Ujerumani, aliyehamia Vienna mwaka 1842. Kiti chake namba 14, cha mwaka 1859, kilikuwa na vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vikifunguliwa vilienea kwenye kasha la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa kwa meli na kuungwa huko huko vilikofika.

"Hebu tafuta kiungo," akaniambia. Nilipitisha kiganja kuanzia mguu mmoja wa nyuma, nikapanda na egemeo, nikashukia mguu wa pili. Hakuna. Ni ufito mmoja wa mti wa biichi uliofukizwa kwa mvuke ukalainika, ukabanwa ukanda wa chuma upande wa nje ili usipasuke unapokunjwa, kisha ukakaushwa ndani ya kalibu. Watu husifia mikunjo hiyo, na wana haki. Mimi lakini nilinogewa na henzirani.

Tuliziloweka nyuzi mpaka zikakubali kupinda, upande unaong'aa ukae juu. Safu ya kwanza hutoka mbele kwenda nyuma, ya pili hukatiza juu yake, ya tatu hurudia njia ya kwanza. Kusuka hasa huanza na ya nne: juu, chini, juu, chini, vidole vikiwa vimelowa muda wote. Safu mbili za hanamu ndizo zinazofungua yale matundu ya pembe nane, na ukikosea upande wa kupita, uzi hukwaruzana na wenzake na kukatika mapema. Mwisho ni ukanda wa kufunika matundu ya ukingoni.

Shangazi alipokuja kukichukua aliuliza kama akipake vanishi. Fundi akamkataza: anyunyizie maji kwa chini kikianza kulegea, kikauke, kitakaza chenyewe.

Baadaye Shangazi akaleta kingine kutoka stoo, hicho tayari kilishapigiliwa plaiwudi. Misumari ilikuwa imepasua ukingo baina ya matundu mawili. Ilibidi tuugundishe na kuubana kwa jiliwa usiku kucha kabla ya kugusa henzirani.