Oktoba 6, Mei 21

Wiki mbili zilizopita nilimaliza kusoma The Lord of the Rings, riwaya ya Tolkien, kwa mara ya tatu, na kwa mara ya kwanza sikumkasirikia Frodo, shujaa wake anayetumwa kwenda kuiteketeza motoni pete ya uovu.

Nilikuwa namkasirikia kweli. Nilipokisoma chuoni niliona mwandishi kanidhulumu. Juzuu tatu umetembea na huyu kiumbe, njaa, kiu, matope, pete inamlemea shingoni mpaka anatambaa. Vita vinakwisha, kwao kunatulia, miti inapandwa upya, Sam, rafiki aliyesafiri naye, anaoa na kupata binti. Halafu Frodo anapanda merikebu, anaondoka moja kwa moja. Si ndiko kwao huko alikokuwa akikupigania?

Safari hii nilisoma polepole, nikaanza kuziangalia tarehe. Frodo alichomwa kisu begani Oktoba 6, pale kwenye kilima cha Weathertop. Mwaka mmoja baadaye, siku ileile, yuko juu ya farasi njiani kurudi nyumbani, na bega linaanza kumuuma. Anamwambia Gandalf, mchawi anayewaongoza, kwamba hata akifika kwao Shire haitakuwa ileile, kwa sababu yeye mwenyewe si yuleyule. Anauliza atapata wapi pumziko. Gandalf hajibu.

Hapo niliweka kitabu chini nikatoka barazani. Ilikuwa usiku wa giza, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani.

Nyumbani kwetu nasi tuna tarehe. Bamdogo alikuwemo ndani ya MV Bukoba Mei 21, 1996, meli ilipopinduka asubuhi ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Walikufa mamia, baadhi yao wamelala makaburini Igoma. Yeye alitoka hai. Nilikuwa mtoto, nakumbuka ua umejaa watu na bibi analia huku anamshukuru Mungu, na kila anayeingia anaambiwa: huyu kapona.

Kapona. Kiswahili kinalitumia neno hilo hilo kwa aliyeokoka na kwa aliyepata nafuu, na sisi tulilichukua lote kwa mkupuo mmoja. Aliokoka, basi tukahesabu amepata nafuu. Kila Mei alipojifungia chumbani tulisema ana malaria. Alipoacha kula samaki tulisema tumbo. Miaka ikapita, akahamia Shinyanga, mbali na maji, akafungua duka la vipuri vya baiskeli, na ukoo mzima ukasema katususa. Nami nilisema hivyo. Bibi alikwenda kaburini akiamini hivyo.

Frodo naye alificha. Machi moja alikutwa kitandani ameshikilia kito cheupe alichovaa shingoni, akiongea kama mtu aliye ndotoni, na Sam hakuwa na habari kwa sababu alikuwa safarini. Walioishia kwenye filamu ya 2003 ya kitabu hiki wameikosa sura ambayo wenye kwao wanarudi na kukuta Shire imeharibiwa, wanapigana kuikomboa, na Frodo hachomoi upanga, kazi yake ni kuwazuia wenzake wasiue waliosalimu amri. Baada ya hapo wenzake wanapata sifa kuliko yeye. Sam linamuuma jambo hilo. Tolkien mwenyewe alipigana kule Somme, Ufaransa, mwaka 1916 katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na kufikia 1918 rafiki zake wa karibu walikuwa wamekufa wote isipokuwa mmoja. Sidhani mtu aliyekaa salama angemwandikia shujaa wake mwisho wa namna hii.

Lakini jeraha ninaloliona kubwa kuliko kisu ni lile la mwisho wa safari. Frodo alifika kwenye moto na hakuitupa pete. Aliivaa, akasema ni yake. Iliangamia kwa sababu Gollum, kiumbe aliyekuwa akiiwinda pete hiyo, alimng'ata kidole chenye pete, akaanguka nacho motoni. Dunia nzima inamshangilia mtu anayejua nini hasa kilitokea mle ndani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Shinyanga. Bamdogo alikuwa ananyoosha rimu, nami nikakaa kwenye kigoda nikamsimulia habari yote ya Frodo, kwa maneno yangu, mpaka pale motoni. Spana ikatulia mkononi. Kimya kikawa kirefu, wateja wawili wakaja wakaondoka.

Kisha akasema, bila kuniangalia, "Kuna mtu alinishika mguu mle majini. Nikajinasua."

Miaka yote hii. Sikuwa na neno, nikasema tu, "Pole, bamdogo."

"Huyo Sam," akasema, "alikuwepo pale motoni? Aliona?"

"Aliona."

"Na bado akamsindikiza?"

"Mpaka bandarini. Merikebu ilipoondoka alisimama ufukweni mpaka usiku, anasikiliza mawimbi. Wenzake wawili walikuwa wamesimama naye."

Akatikisa kichwa, akaichukua rimu, akaizungusha kuona kama bado ina mbonyeo.

Mara zote tatu ukurasa wa mwisho umeniliza. Sam anarudi jioni, taa inawaka, chakula mezani, mkewe anamkalisha kitini na kumpakatisha mtoto. Anavuta pumzi, anasema amerudi. Zamani nilimlilia yeye tu, kwa kuachwa. Safari hii niliwalilia wote wawili.

Tarehe 20 jioni napanda basi tena. Bamdogo amesema nitalala kwake, na kesho yake duka halitafunguliwa. Ameniambia nisije na samaki. Nitambebea michembe.