Kichwa cha nguzo ya Bayleaf kimefunga

Hatimaye mtambaapanya wa kwanza, yaani boriti inayokatisha nyumba toka ukuta hadi ukuta, umekaa mahali pake bila kucheza. Ninajenga mfano mdogo, kwa kipimo cha 1:10, wa nyumba ya shamba ya Bayleaf, iliyosimama Chiddingstone, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, tangu mwanzo wa karne ya 15 hadi miaka ya 1968 na 1969, ilipofumuliwa mti kwa mti kupisha bwawa la Bough Beech, kisha ikasimikwa upya katika makumbusho ya Weald and Downland huko Singleton. Msingi wa mawe na kuta za fito zilizokandikwa udongo havikunisumbua hata kidogo.

Kilichonikwamisha ni kichwa cha nguzo. Hapo hukutana nguzo yenyewe, mwamba unaolala juu ya ukuta, mtambaapanya, na mguu wa kombamoyo, ule mti wa paa unaoshuka toka kileleni. Seremala aliigeuza nguzo, upande wa shina ukawa juu, ili unene wa kitako cha mti umpe nafasi ya kuchonga ndimi mbili: ulimi wa nje huingia katika mwamba, na wa ndani, unaopanda juu zaidi, huingia katika mtambaapanya, ambao nao umechongwa mkia wa njiwa, kiungo kinachopanuka kuelekea ncha, upande wa chini ili uukamate mwamba usisukumwe nje na uzito wa paa. Vyote hivyo sharti vikae kwa pamoja. Nikiupunguza ulimi, mkia unalegea. Nikiukaza mkia, bega, ule ukingo wa nguzo chini ya ulimi, linaacha mwanya. Na kalipa, kile kipimio cha unene, ikawa inaniambia kwamba kila kitu ni sawa, huku jicho likiona mwanga upande wa pili. Inaudhi mno!

Dawa ilikuwa kuacha kupima. Maseremala wale walilaza miti mmoja juu ya mwingine, wakashusha timazi, wakahamishia umbo la huu kwenye ule, hata kila kiungo kikawa cha mahali pake tu, chenye alama mfano wa namba za Kirumi ili kisichanganywe siku ya kusimamisha. Nilipofanya hivyo kwa mbao zangu za mninga, bega lilifunga mara moja.

Patasi ya milimita 3 iliyonolewa barabara inashinda mashine yoyote ndogo ya umeme, ambayo huunguza kingo za tundu. Keekee nayo naitaka ya mkono, kwa kuwa tundu la msumari katika ulimi lazima lipishane kidogo sana na lile la mwamba, ili msumari wa mti ukigongwa uuvute ulimi ndani.

Vigae vya paa, vilivyokuwa zamu yake sasa, nimeviahirisha. Ukumbi wa Bayleaf haukuwa na bomba la moshi: moto uliwaka katikati ya sakafu, na moshi ukapanda hadi kwenye makombamoyo na kujitafutia njia. Nikishamaliza mitambaapanya mingine, nitalifunika paa kwa karatasi, niweke kaa moja la moto na ubani pale katikati, nione moshi unatokea wapi kabla sijagandisha kigae hata kimoja.