Utandawazi Unaopita Kichochoroni

Neno utandawazi lina mvuto wake. Masikioni mwangu linaleta picha ya kitu kilichotandazwa wazi, kama mkeka uliokunjuliwa ili kila apitaye aketi, na kwa miaka mingi niliiamini picha hiyo. Nilidhani jamii za dunia zimeunganishwa na kitu kisicho na umbo wala mahali, kitu cha hewani. Imani hiyo iliniponyoka mwezi Machi 2021, nikiwa nasubiri kipuri cha cherehani nilichokiagiza kutoka ng'ambo, pale muuzaji aliponijibu kwa sentensi moja tu kwamba mzigo umechelewa kwa kuwa kuna meli imeziba Mfereji wa Suez.

Meli yenyewe ilikuwa Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ambayo asubuhi ya tarehe 23 ilikwama mshazari, omo likiwa limechimba ukingo mmoja na tezi likiwa limeegemea ukingo wa pili. Kwa siku sita nilikuwa nikifungua ramani ya meli kwenye simu kila nilipoamka. Kila chombo huonyeshwa humo kwa alama ndogo, na alama hizo zilikuwa zimerundikana katika ncha zote mbili za mfereji kama siafu waliozibiwa shimo. Zilipita 300. Nyingine ziligeuza zikaamua kuizunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema.

Kilichonishangaza zaidi kuliko msongamano huo ni nasaba ya meli. Wenyewe walikuwa Wajapani, ikaendeshwa na kampuni ya Taiwan iliyoikodi, ikapeperusha bendera ya Panama, ikasimamiwa kiufundi na kampuni ya Ujerumani, na mabaharia wake 25 walikuwa Wahindi. Nayo ilikuwa ikitoka Asia kwenda Rotterdam ilipokwama katika ardhi ya Misri. Hata baada ya kukwamuliwa tarehe 29 ilizuiwa huko hadi Julai kwa sababu ya madai ya fidia. Jaribu kumweleza mtu wa karne moja iliyopita ni nani hasa anayepaswa kulaumiwa kwa ajali ya namna hiyo.

Tangu hapo nimekuwa nikiutazama utandawazi kama suala la vyuma, kamba na vichochoro kama mfereji ule. Chuma cha kwanza ni kontena. Mwezi Aprili 1956 Malcom McLean, Mmarekani aliyekuwa tajiri wa malori, alipakia makasha 58 kwenye meli iitwayo Ideal-X huko Newark na kuyapeleka Houston. Kwa hesabu zinazonukuliwa mara nyingi, kupakia tani moja ya mizigo ya kawaida kwa mikono ya makuli kuligharimu dola 5.86 wakati huo, ilhali kwa makasha yale gharama ilishuka chini ya senti 16. Lakini tofauti hiyo ya bei isingeibadili dunia peke yake, kama kila kampuni ingebaki na kasha lake la kipimo chake. Nguvu ya kontena iko kwenye pembe zake nane, ambazo matundu yake yamekubaliwa kimataifa yawe ya namna moja, hivyo winchi ya bandari yoyote inaweza kulishika na lori lolote lililotengenezwa kwa kazi hiyo likalifunga. Watu waliokubaliana juu ya tundu la chuma wameziunganisha jamii kuliko hotuba nyingi nilizowahi kuzisikia. Hata hivyo, sioni sababu ya kusifu upande mmoja tu: makuli waliokuwa wakibeba magunia mabegani walipoteza kazi kwa maelfu, na magati ya zamani ya London yalifungwa moja baada ya jingine, la mwisho mwaka 1981.

Kamba nayo ni nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayosafiri baina ya mabara hupita humo, wala si kwenye setilaiti kama wengi wetu tunavyodhani, na waya wenyewe, unapokuwa kwenye kina kirefu, ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele.

Tonga, taifa la visiwa lenye watu takriban 100,000, lilikuwa na waya mmoja tu wa namna hiyo kulifikisha Fiji. Tarehe 15 Januari 2022 volkano ililipuka chini ya bahari na waya ukakatika vipandevipande. Watonga wengi wana ndugu New Zealand, Australia na Marekani, na fedha wanazotumiwa na ndugu hao ni miongoni mwa nguzo kubwa za uchumi wao. Kwa hiyo majivu yalipokuwa yakiendelea kuangukia paa zao, watu wale walikatikiwa na habari za jamaa na njia ya kupokelea msaada wao kwa wakati mmoja. Mimi nililalamikia kipuri cha cherehani, ambacho hata kilipofika kilikuwa cha saizi isiyofaa.

Meli ya matengenezo ilitoka Papua New Guinea, ikautafuta waya sakafuni mwa bahari, ikauvuta juu na kuunga sehemu zilizoharibika. Baada ya takriban wiki tano kisiwa kikuu kilirudi hewani, kama tunavyopenda kusema. Visiwa vya mbali vya nchi hiyohiyo, ambavyo vilitegemea waya mwingine wa ndani uliokatika siku ileile, vilisubiri waya huo utengenezwe kwa zaidi ya mwaka mmoja.