Vyuma vya roshani ya Ngara, wiki ya sita

Natengeneza upya vyuma vya zamani vya roshani moja ya Ngara, Nairobi. Jumamosi nimemaliza kukwangua puti. Aliyevitengeneza kabla yangu aliziba matundu ya kutu kwa puti ya magari, akapiga rangi nyeusi juu, vikang'aa. Mvua za vuli zilikwisha Desemba, lakini nilipoibandua puti ya mwisho kidole kilitoka na unyevu. Maji yalikuwa yamefungiwa humo ndani yanakula chuma. Na kutu huvimba, hushika nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza. Ndiyo iliyokata vichwa vya ribiti mbili, zile pini za chuma zinazounganisha vipande. Iliniuma kuona.

Kabla ya kununua kitu nilitaka kujua ni chuma gani. Kipande kimoja kilichokwisha kabisa nilikikata nusu kwa msumeno, nikakibana kwenye jiliwa, nikakikunja. Hakikukatika mara moja. Kilichanika nyuzinyuzi kama muwa uliotafunwa. Hicho ni chuma cha kufua, si hiki tunachouziwa madukani leo. Maua ya juu ya nguzo ni ya kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu; ukiyagonga vibaya yanapasuka kama chungu, kwa hiyo hayasogelewi na mashine ya kuchomelea.

Sasa, chuma cha kufua nitakitoa wapi? Uingereza kwenyewe uzalishaji mkubwa ulikoma miaka ya 1970. Nilimuuliza mzee mmoja anayefua Kamukunji, akanijibu, "Kijana wangu, usitafute kipya. Tafuta geti bovu." Nimezunguka kwa wauza vyuma chakavu Gikomba siku mbili na kupata fito mbili. Nilizijaribu vilevile kwa msumeno, zikachanika vilevile. Mzee atazifua.

Bolti za stenlesi nimezikataa ingawa hazishiki kutu. Maji yakikaa kati yake na chuma hiki, kinacholiwa ni chuma. Ribiti zitarudi ribiti, zipigwe zikiwa nyekundu.

Rangi ya zamani naichukulia kuwa ina madini ya risasi, kwa hiyo ni msasa wa maji tu, barakoa usoni, na vumbi lote linakusanywa kwenye turubai. Watoto wa jirani hucheza chini ya roshani hii.

Praima, rangi ya chini ya kuzuia kutu, ni ya zinki fosfeti, inapakwa mikono miwili, halafu rangi ya mafuta. Mkono wa kwanza umeingia Jumapili saa nne, umande ulipokwisha kukauka. Viungo nimevipaka kwa brashi ndogo, kimoja kimoja.