Tiketi Mbili

Tiketi za kuingia Disneyland Paris, bustani ya michezo, zilikuwa mbili, zote za watu wazima, na tarehe yake ilikuwa Jumanne moja ya Oktoba 2018. Nilizinunua mwezi wa Agosti, mume wangu aliponiambia kwa simu kutoka Mombasa kwamba karatasi zake za safari zi karibu kutoka. Mtoto hakuhitaji tiketi. Pale walio chini ya miaka 3 huingia bure, na binti yangu alikuwa na miezi minane. Siku hiyo nilikwisha kuipanga kichwani: babake atambeba, mimi nitapiga picha, kisha tutabadilishana. Oktoba ikafika. Karatasi hazikutoka, na pesa za tiketi zile zilikuwa hazirudishwi.

Usiku wa Jumatatu nilimpigia mamangu.

"Enda," akaniambia. "Mtoto hajui kama babake hayupo. Wajua wewe tu."

Sikupenda jibu lile. Nilitaka aseme, "Pole mwanangu, kaa nyumbani." Lakini alfajiri nilijikuta jikoni nachemsha maji ya chupa, nahesabu nepi, nakunja nguo za kubadilisha. Mwisho nikatia leso yangu moja ya zamani mkobani, ile niliyobebewa mimi mwenyewe nilipokuwa mdogo. Rangi imeshapauka ila maandishi yasomeka: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Binti yangu nilimpa jina la mamangu, kwa hivyo namwita Mama. "Mama, twende zetu," nikamwambia, tukatoka.

Kwenye stesheni ya mtaani kwetu lifti ilikuwa mbovu. Nilisimama juu ya ngazi na kigari, mkoba begani, mvua ya manyunyu ikiniingia shingoni, nikifikiri nianze na kipi: nimtoe mtoto nikakunje kigari, au nishuke nacho vivyo hivyo kwa magurudumu ya nyuma. Kijana mmoja akaja, akainua upande wa mbele bila kuniuliza, akanishusha hadi chini, akaenda zake. Uso wake sikuuona vizuri. Nilimwombea dua ndani ya treni.

Treni ni ya RER A, inayounganisha Paris na vitongoji vyake, ile reli nyekundu kwenye ramani, na Disneyland iko mwisho wa tawi moja la reli hiyo, stesheni ya Marne-la-Vallée Chessy. Kutoka katikati ya Paris ni kama dakika 40. Ukipanda ya tawi hilo hupotei, maana ukifika treni haina pa kwenda tena. Ukitoka unapekuliwa mkoba, kisha unaikuta hoteli kubwa ya rangi ya waridi, na malango ya kuingilia yako chini yake. Dada wa mlangoni alipitisha tiketi ya kwanza kwenye mashine, akaiona ya pili mkononi mwangu.

"Na mwenzako?"

"Hayupo."

Akatikisa kichwa kwa upole, akamchezea mtoto kidole. Ile tiketi ya pili nikaitia mfukoni mwa koti, na kila nilipotafuta kitambaa cha kumfutia mtoto pua niliigusa.

Ndani, barabara ya kwanza ni Main Street, iliyojengwa kama mji mdogo wa Marekani wa zamani, na mwezi ule ilikuwa imejaa maboga kila pembe. Mvua ilizidi. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo mwenye kigari hulithamini kuliko kasri lenyewe: nyuma ya maduka, pande zote mbili za barabara, kuna njia zilizoezekwa. Waliojenga pale, hadi pakafunguliwa Aprili 1992, walijua hali ya hewa ya kaskazini mwa Ufaransa si ya California. Njia moja ina picha na michoro ya ujenzi wa Sanamu ya Uhuru, ile Wafaransa waliyowapa Wamarekani. Tulitembea humo polepole, kwenda na kurudi. Mama alikuwa ametoa kichwa nje ya kigari, macho kwenye taa. Nilimsomea majina ya vitu kwa Kiswahili: taa, meli, mwanamke, taji. Nilikuwa nimejiwekea sharti tangu alipozaliwa kwamba jina la kwanza la kila kitu alisikie kwa lugha ya kwao.

Karibu na mwisho wa barabara ile kuna chumba cha watoto wachanga, chenye meza za kubadilishia na pa kupashia chupa moto. Pasafi na pametulia. Mle ndani walikuwamo akina mama watano au sita, na nje kila mmoja alikuwa na mtu anayemngoja na kumshikia vitu. Mimi nilibadilisha mtoto kwa mkono mmoja, wa pili ukishikilia mkanda wa mkoba.

Kila mahali pale pamepangwa kwa watu wawili. Hawakukosea, ndivyo familia nyingi zinavyokuja. Hata wana utaratibu wao mzuri wanaouita Baby Switch: mzazi mmoja apanga foleni na kupanda mchezo, mwenzake abaki na mtoto, kisha wabadilishane, na huyu wa pili hapangi foleni upya. Kijana wa Big Thunder Mountain alinieleza yote haya kwa subira. Ule mchezo ni treni la machimboni linalozunguka mlima mwekundu katikati ya maji, na lazima mtu awe na urefu wa mita 1.02. Nilikuwa nimeuangalia kwenye video miezi miwili mizima. Kijana alipomaliza kueleza akatazama nyuma yangu, akitafuta huyo wa pili. Nikamshukuru, nikageuza kigari.

Tukaenda kwenye mashua za "it's a small world". Hapo watoto wachanga wanaruhusiwa, ila kigari hubaki nje. Nilifunga mkoba tumboni, nikainama, nikamlaza Mama mgongoni, nikarusha leso juu yake, nikakaza fundo kifuani. Mtu akisaidiwa ni kazi ya nukta chache. Ukiwa peke yako huna budi kuinama mgongo uwe kama meza, mkono mmoja nyuma umemshika mtoto, na kumwomba Mungu asijirushe. Watu wa foleni waliacha kuzungumza. Nilipoinuka bibi mmoja wa Kizungu akapiga makofi madogo. Tulipofika kwenye mashua ikabidi nimfungue tena, kwa kuwa lazima mtoto apakatwe.

Mchezo ule ulitengenezwa kwanza kwa maonyesho ya dunia ya New York ya 1964, kwa ajili ya UNICEF. Wanasesere mamia wa mataifa yote huimba wimbo mmoja huku mashua ikipita taratibu. Tulipofika upande wa Afrika nikawa natafuta mwanasesere aliyejifunga leso. Sikumwona. Mama yeye alikuwa ameshika vidole vyangu viwili, ameacha mdomo wazi, na sauti nyembamba ikimtoka puani, "mmmm," akifuata wimbo. Sijapata kumsikia akiimba kabla ya hapo. Nikageuka kushoto kumwambia mtu. Kiti kilikuwa kitupu. Hapo, gizani mwa mashua, nililia kidogo, nikajipangusa na ncha ya leso kabla hatujatoka nje.

Tuliona mengine: joka lililolala pangoni chini ya kasri, likitoa moshi na kukoroma, ambalo Mama alilinyoshea mkono kama paka wa jirani. Tuliwaona farasi wa kuzunguka kwa mbali. Lakini saa nane mchana sikuwa na hamu ya joka wala farasi. Nilitaka choo.

Asiyewahi kuwa peke yake na mtoto mchanga hataelewa uzito wa neno hili. Kigari hakiingii chooni. Kumwacha nje haiwezekani. Kumfunga mgongoni chooni ni hatari, na kumpakata ndiyo taabu zaidi. Nilikuwa nimejizuia tangu asubuhi, nimeacha hata kunywa maji, na kichwa kilianza kuniuma. Mtoto alikuwa mgongoni, kigari nakisukuma kitupu. Nikaingia upande wa Adventureland nikitafuta mahali pa kuketi.

Hapo nikakiona kibao: HAKUNA MATATA. Ni jina la mkahawa wao. Najua limetoka kwenye filamu ya The Lion King, na najua hadithi ya kampuni ya Disney kulisajili kama alama yake ya biashara kwenye fulana. Moyo wangu hauridhiki na jambo hilo mpaka leo, maana neno la watu haliwi mali ya mtu. Kwetu Mombasa wenyewe kwa wenyewe husema zaidi "hakuna shida" au "hamna neno", na "hakuna matata" tukawaachia wageni wa mahoteli. Lakini siku ile nilikuwa na zaidi ya mwaka sijaona ubao wa Kiswahili barabarani. Nilisimama mbele yake nikausoma kwa sauti, nimsomee Mama.

Nyuma yangu sauti ya mtu mzima ikasoma, taratibu, herufi kwa herufi: "Mgeni... njoo... mwenyeji... apone."

Nikageuka. Alikuwa mama wa makamo ya mamangu, amejitanda mtandio, ameketi kwenye benchi amezungukwa na makoti, mikoba na kigari. "Bariza?" akaniuliza, nami nikasikia "habari za". Alikuwa Mngazija, mtu wa visiwa vya Komoro. Yeye alisema Kingazija, mimi Kimvita, na neno likikwama tulilivusha kwa Kifaransa. Lugha zetu ni ndugu, nililijua hilo kwa kusikia, lakini sikuwa nimepata kuliishi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea nafasi. Wanawe na wajukuu walikuwa kwenye ule mlima wa treni, yeye amebaki kulinda vitu.

Akanitazama usoni. "Wewe una nini?"

Nikamwambia, nikiona haya. Akanyosha mikono. "Nipe mwana, wende."

Nilikulia Mji wa Kale. Huko mtoto huanza asubuhi kwao, adhuhuri yuko kwa jirani wa kwanza, na akirudi jioni amekogeshwa na amepakwa wanja na mtu ambaye mamake hakumwomba. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Lakini Paris nilikwisha kujifunza lingine, na ukiacha daktari sikuwa nimempa mtu yeyote mtoto wangu amshike, hata mara moja. Nilisimama nimeshika fundo la leso. Sikulifungua.

Hakununa wala hakusisitiza. Aliingiza mkono mkobani, akatoa shada la funguo za nyumba yake na simu yake, akaviweka kiganjani mwangu. "Shika hizi zangu," akasema, "nami nishike mwanao."

Nikafungua leso.

Nilikimbia. Nilirudi nikikimbia vile vile, funguo zimenichora alama mkononi, na nilimkuta Mama amepakatwa ndani ya mtandio, ameshika tasbihi kwa mikono miwili, akizitafuna shanga. Yule mama alikuwa akimwimbia kitu ambacho sikukielewa maneno, ila mdundo wake naujua.

"Sasa enda kapande treni," akasema. "Mimi nipo."

Foleni ilikuwa ndefu, lakini si foleni iliyonizuia. Niliketi. Alifungua kibweta cha plastiki, mlikuwa na mkate wa sinia, nao huuita karibu vivyo hivyo. Tuliumega. Ulikuwa na iliki nyingi kuliko wa kwetu. Aliniuliza mume yuko wapi, nikamweleza. Akaniambia yeye alimngoja wake Moroni miaka mitatu, na wanawe wawili wa kwanza alianza kuwalea hivyo hivyo, mikono miwili tu. Hakunipa nasaha yoyote. Alikata kipande kingine, akakipulizia makombo, akaniwekea kwenye kitambaa. Kwa karibu saa nzima mikono yangu ilikuwa mitupu, na niliiona inatetemeka kidogo, kama ya mtu aliyetua mtungi baada ya safari ndefu.

Wajukuu wake walipotokea, wamelowa na wanapiga kelele, nilianza kumfunga Mama mgongoni. Safari hii nilihisi mikono ya mtu nyuma ikimweka sawa na kuivuta leso hadi mabegani mwake. Nilimpa simu nikamwomba atupige picha. Simu ilijaa picha za siku nzima, na zote zilikuwa za mtoto. Mimi nilikuwa kivuli sakafuni, au kidole.

Alipiga moja tu. Imekwenda upande, na kichwa cha mjukuu wake kimeingia kwenye pembe. Katikati niko mimi, nacheka, Mama anachungulia begani mwangu, na juu yetu herufi za kibao zimekatwa nusu.

Nilimtumia mume wangu nikiwa ndani ya treni, mtoto amelala, madirisha yamejaa ukungu. Jibu lake lilikuja kabla hatujafika stesheni ya tatu.

"Nani kapiga?"

Nikaandika: "Nyanyake."