Mizigo tu

Binti yangu anaondoka Jumamosi kwenda Mwanza kwa bibi yake, na tangu juzi ananifuata jikoni na daftari. Anataka nimtajie dokumentari za kuangalia likizo. "Za historia na za safari, Mama, ila zisiwe za kusinzia." Kule kwa bibi intaneti ni ya kubahatisha, kwa hiyo kila kitu lazima kipakuliwe hapa Morogoro kiingie kwenye flashi.

Nikamwambia aanze na Ali Mazrui, The Africans, vipindi tisa vya mwaka 1986. Mtoto wa Mombasa akilizunguka bara zima na kugombana na wakoloni kwa Kiingereza chao wenyewe, mpaka mkuu wa mfuko wa serikali ya Marekani uliochangia fedha akataka jina la mfuko liondolewe. Akaandika. Nikamtajia ile ya Bi Kidude ya 2006, As Old as My Tongue, maana bibi yake anapenda taarabu na watagombania kompyuta. Halafu ile ya Serengeti ya 1959, ya yule Mjerumani Grzimek na mwanawe Michael, na ndege yao iliyopakwa milia kama pundamilia. Kijana aligongana na tai angani Januari mwaka huo, akafa akiwa na miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ikapata Oscar. Iangalie, nikamwambia, ni nzuri kweli, lakini njiani ujiulize Wamasai waliokuwa wakichunga kule Moru, ndani ya Serengeti, walikwenda wapi mwaka huohuo.

"Na ile ya Mwanza?" akauliza. "Darwin's Nightmare. Nimeona watu wanaisifia. Si ndiyo kwenu?"

Nikamwambia mboga inaungua. Haikuwa inaungua.

Sisi tuliiita filamu ya mapanki. Aliitengeneza Mwaustria, Hubert Sauper, ikatoka 2004, na mwanzoni mwa 2006 ikashindania Oscar, ikashindwa na filamu ya pengwini. Mwanza hatukujua lolote kati ya hayo. Tulijua pale Rais Kikwete alipoisema kwenye hotuba yake ya mwisho wa mwezi Julai, kwamba inalichafua taifa. Kabla ya hotuba ile sijui kama kuna mtu kumi Kirumba waliowahi kuisikia. Baada ya wiki mbili kila mwenye deki alikuwa anaitafuta. Ukitaka Watanzania waangalie dokumentari, mwombe rais aikasirikie.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo, nakaa kwa Mama Mkubwa. Ndiye niliyekuwa "msomi" wa nyumba. Barua za benki, maelekezo ya dawa, vibandiko vya mafuta ya nywele, vyote vililetwa kwangu nivisome. Kwa hiyo Kaka alipokuja na CD ya kuchoma, imeandikwa kwa kalamu ya wino "MWANZA ORIGINAL", hakuna aliyeuliza nani atatafsiri.

Ulikuwa mwaka wa mgao. Umeme ulirudi karibu saa mbili usiku na majirani wakarudi nao. Tulikuwa kumi na wangapi sijui, watoto wamelala kifudifudi mbele ya ile chogo ya inchi kumi na nne, Mama Mkubwa kwenye kigoda chake, miguu ameinyoosha. Alikuwa ametoka Mwaloni, soko la samaki, na nguo zake zilikuwa zinanuka kama kawaida, moshi na mafuta ya sangara. Harufu ile ndiyo iliyonisomesha, kwa hiyo sitaisema vibaya.

Mama Mkubwa aliishi kwa mapanki. Kiwandani wanatoa minofu inakwenda Ulaya, kinachobaki, kichwa na mifupa na nyama kidogo iliyong'ang'ania, ndicho kilikuwa chake. Alinunua kwa lundo, akakaanga kwenye pipa lililokatwa katikati. Alikuwa anasema zamani, enzi za furu, ulikuwa unaanika samaki juani na jua linafanya kazi bure. Halafu sangara akaletwa ziwani, akawala furu, na yeye mwenyewe ana mafuta mengi hakaukii juani, anataka moto. "Huyu samaki," alikuwa anasema, "amekula wenzake, sasa anakula kuni zetu."

Mwanzo filamu ilichekesha. Yule jamaa wa mnara wa uwanja wa ndege anahangaika kumpiga mdudu kwenye kioo, watoto wakavunjika mbavu. Kila ndege ilipotua mtu alitaja jina la mtaa iliyopita juu yake. Yalipokuja mapanki, kelele zikaisha. Tukamsubiri Mama Mkubwa.

Aliangalia muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Mafuta hayajachemka yale," akasema. "Wataumwa matumbo."

Watu wakacheka, na nafikiri alitaka tucheke. Alipotokea mwanamke anayefanya kazi kwenye mapanki yanayooza, jicho moja limeharibika kwa ile hewa, Mama Mkubwa hakusema kitu. Alivuta pindo la khanga akajifuta macho yake mwenyewe, moja kisha la pili, kama mtu anayehesabu.

Shida ilikuwa maandishi. Watu wakiongea Kiswahili, chini ya picha yanapita maneno ya Kiingereza, na yeye hakuyaamini. "Mbona kasema mengi, wameandika machache?" Nikawa najibu ndivyo wanavyofupisha. "Nani kawapa ruhusa ya kufupisha?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilipoanza kazi ninayoifanya sasa, ya kutafsiri mikataba ya watu, nimelikumbuka swali hilo mara nyingi kuliko chochote nilichofundishwa chuo.

Sasa, Kaka. Kaka alikuwa kibarua wa kupakia uwanja wa ndege, zamu ya usiku. Maboksi ya minofu, kilo kwa kilo, kwenye zile ndege kubwa za Kirusi, Ilyushin. Ada yangu ya kidato cha tano ilitoka mgongoni mwake. Usiku ule alikuwa anaingia kazini, na filamu ilipokaribia kuisha alikuwa amesimama mlangoni, buti moja limefungwa, jingine kamba zinaning'inia. Alikuwa ameahirisha kuondoka mara tatu.

Filamu ile inauliza swali moja tangu mwanzo hadi mwisho: hizi ndege zinazoondoka na samaki, zinakuja na nini? Wanaulizwa marubani, wanaulizwa wengine, huyu anasema zinakuja tupu, yule anatabasamu. Haionyeshi hata sanduku moja la silaha likishushwa Mwanza. Inauliza tu, tena na tena, mpaka na wewe unaanza kuuliza. Sebule nzima ilikuwa imeelewa swali bila msaada wangu. Jibu ndilo lililokuwa kwa Kiingereza.

Mmoja wa wale Warusi wa ndege amekaa, anaongea taratibu, Kiingereza cha kuokoteza, unamwona anatafuta kila neno. Anaeleza kwamba aliwahi kuruka kwenda Angola, mara mbili, amebeba mashine kubwa, kama vifaru vya vita. Kutoka kule akapitia Johannesburg, akapakia zabibu, akazipeleka Ulaya. Kuna rafiki yake alimwambia, watoto wa Angola wamepata bunduki kwa Krismasi, watoto wa Ulaya wamepata zabibu. Halafu anajaribu kusema kitu kuhusu watoto wote duniani, maneno yanamwishia.

Nilielewa kila neno. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana nilikielewa vizuri hivyo.

"Anasemaje?" Mama Mkubwa akauliza.

Na sebule ikanigeukia. Nakumbuka mtoto wa jirani alikuwa na muwa mdomoni, akaacha kutafuna. Nakumbuka nilimwangalia Kaka, na Kaka alikuwa anaangalia buti lake.

"Anasema aliwahi kupeleka mizigo Angola," nikasema, "akarudi na zabibu."

"Mizigo gani?"

"Mizigo tu."

Yule mtu kwenye kioo alikuwa bado amekaa, kimya, uso umelegea kabisa. Hakuna anayekaa na uso ule kwa sababu ya zabibu. Mama Mkubwa hakusoma zaidi ya darasa la nne lakini uso wa mtu anausoma. Ameuza samaki kwa mkopo miaka thelathini. Akamwangalia Mrusi. Akaniangalia mimi. Mwisho akamwangalia mwanawe pale mlangoni, na hapo alikaa kidogo.

"Haya," akasema. "Funga hilo buti, utachelewa."

Kaka akainama akafunga. Akaondoka.

Yaliyofuata nayasema haraka. Watu waliandamana mjini kuipinga filamu. Mama Mkubwa hakwenda, alikuwa na mapanki jikoni. Wengine walisema mzungu katutukana, wengine walisema katusemea, na wengi walisema yote mawili kutegemea wanaongea na nani. Nilikwenda chuo Septemba. Kaka aliendelea na zamu ya usiku mwaka mmoja na kitu, akaacha, leo ana bajaji mbili. Siku hizi pale Mwaloni wanazungumzia mabondo, lile pulizo la ndani ya sangara linalonunuliwa na Wachina, kwa bei inayomfanya samaki mwenyewe aonekane kama mfuko wa kulibebea.

Sijawahi kumuuliza Kaka alikuwa anashusha nini, kama alikuwa anashusha chochote. Inawezekana kabisa zilikuja tupu. Zamani nilijiambia nilikuwa namlinda. Siku hizi nafikiri nilikuwa nalinda ada. Au niliona aibu tu kulisema neno vifaru mbele ya watoto waliolala kifudifudi. Nikikaa na jambo hili sana linabadilika rangi, kwa hiyo huwa sikai nalo sana.

Kama dokumentari, kwa aliyeniuliza kwa dhati, ni kazi kubwa. Ina hila zake. Mwanza niliyokulia ilikuwa na harusi, shule, Capri Point Jumapili, na watu wanaokula sato mzima na ugali wakashiba; hayo hutayaona. Lakini sijawahi kuona filamu nyingine iliyolifuata swali moja kwa ukaidi ule. Ningempa mwanafunzi yeyote aiangalie. Mwanafunzi yeyote ambaye haendi kuiangalia na Mama Mkubwa.

Maana ndivyo itakavyokuwa. Macho ya bibi hayaoni vizuri sasa, ule moshi umechukua chake. Atasogeza kigoda karibu na kompyuta na kila baada ya dakika moja atauliza, "Anasemaje?" Na binti yangu Kiingereza amekinywa kama maziwa, na hajui kusema mizigo tu. Tumemlea hivyo, kwa makusudi.

Jana usiku niliipakua. Nikaiweka kwenye flashi, nikaitoa, nikairudisha. Asubuhi binti akapita sebuleni na simu sikioni, anacheka, akaikata akaniambia anko amesema atakuja mwenyewe kumpokea Nyegezi na bajaji.

"Umemwambia unakwenda na nini?"

"Filamu. Amesema nimsubiri atoke kazini ndiyo tuziangalie, na yeye anazitaka."

"Umemtajia zipi?"

"Sijamtajia. Kwani zipi hazimfai?"

Nikamwambia akaangalie kama nguo zimekauka.